Uso wa Mama Bienfait

Gizani, kabla majogoo wa Nakivale hawajakubaliana nani aanze kuwika, njiti ya kiberiti ilikwaruza ubavu wa kisanduku, ikakwaruza tena, ikafa bila kuwaka. Viviane alikuwa macho mkekani, mtoto amemlalia mkono. Akasikiliza. Njiti ya pili ilishika. Kandambili zikaburuzwa mpaka kwenye mafiga, kifuniko cha sufuria kikalia, maji yakamiminwa, na kwa hayo Viviane akajua kwamba mama mkwe wake ameamka salama. Kwa macho asingejua. Hata moto ulipokolea na nyumba nzima ikaonekana, madumu ya maji, gunia la maharage, nguo za kanisani zilizoning'inizwa kwenye msumari, pale aliposimama mama mkwe wake palionekana kitu kama mtu anayetazamwa kupitia chupa ya mafuta ya kupikia.

Alikuwa amefifia. Katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale hilo halikuwa jambo la kuitia watu. Mtu akingoja mno huanza kulainika pembeni, vidole kwanza, kisha masikio na mabega, na mwishoni uso. Wengine hupatwa mapema, wengine hawapatwi kabisa, kama malaria inavyojichagulia watu wake. Kliniki walitoa Panadol na kusisitiza maji mengi. Jirani yao Natanaeli alikuwa amebaki sauti na harufu ya tumbaku, na mkewe aliendelea kumpakulia chakula na kumgombeza kwa kuacha mlango wazi. Kulikuwa na nafuu zake pia. Mbu walihangaika, hawajui mtu anaanzia wapi. Mchungaji naye, alipombatiza mtu aliyefifia, alimwomba aimbe kidogo ili mkono ujue kichwa kilipo.

Jina la ubatizo la mama mkwe huyo lilikuwa Bénédicte, lakini mtaa mzima ulimwita Mama Bienfait, kwa jina la mwanawe. Alitoka naye Fizi, Kongo, akiwa bado wa kubebwa mgongoni. Bienfait akakulia Nakivale, akaoa Nakivale, na homa ikamchukua Nakivale kabla binti yake hajajua kutembea. Binti huyo ndiye Munezero, jina alilopewa na mkunga Mrundi, maana yake furaha. Alipozaliwa, uso wa bibi yake ulikuwa umekwisha kwenda. Kwa hiyo Munezero alimjua bibi huyo, koko wake, kwa paja, kwa sauti, kwa harufu ya moshi na mawese, wala hakuona upungufu wowote, kwa kuwa hakuwahi kuwa na koko wa aina nyingine.

Viviane alimshukuru mama huyo kimyakimya, kama mtu anavyolishukuru paa mvua inaponyesha. Baada ya mazishi, wazee wa ukoo walikaa wakashauri kwamba mjane mdogo namna ile arudishwe kwa watu wake. Mama Bienfait aliwasikiliza mpaka mwisho.

"Huyu ni mutoto yangu," akasema. "Kama mumekwisha kula, mukunje mikeka."

Wakakunja. Na Viviane alipopata nafasi ya masomo ya jioni mjini Mbarara, akaanza kujiuma midomo kwa ajili ya mtoto, ni mama huyo huyo aliyemfungia nguo kwenye kitenge.

"Nenda usome. Mutoto atakula, atalala, ataniogopa. Unataka nini ingine?"

Asubuhi hiyo ya kiberiti walikuwa wameitwa ofisini kupigwa picha. Mama Bienfait alikuwa ameamka kuwasha makaa ya pasi. Alipiga pasi blauzi yake, ya Viviane, na gauni la Munezero, kisha akawapanga mlangoni na kuwakagua, ingawa yeye mwenyewe hakuna aliyeweza kumkagua. Faili lao lilikuwa limetokea baada ya miaka mingi ya kulala. Kulikuwa na nchi ya baridi iliyokubali kuwapokea, wote watatu, bibi, mama na mtoto, na ofisi ilitaka nyuso tu.

Ofisa wa picha aliitwa Twinomujuni, kijana mpole wa Mbarara mwenye Kiswahili cha kujifunzia kazini. Alimpiga Munezero, kompyuta ikamkubali. Akampiga Viviane, kompyuta ikamkubali. Akamketisha Mama Bienfait.

"Mama, kaa sawa."

"Nimekaa."

"Usitingike."

"Kijana, miye niko hapa tangu weye unanyonya. Sijatingika."

Twinomujuni alibonyeza, akatazama, akabonyeza tena. Alisogeza taa. Alifuta lenzi kwa kitambaa cha miwani yake. Mwishoni akageuza kompyuta ili nao waone. Kwenye ukuta wa nyuma kila ufa ulionekana, na mbele ya ukuta kulikuwa na wingu lililovaa blauzi.

"Inakataa," alisema. "Inasema hakuna mtu."

"Hakuna nani?" aliuliza Mama Bienfait.

"Wewe, mama. Pole."

Aliwaeleza utaratibu bila ubaya wowote. Kama mwisho wa mwezi utafika na picha haijapatikana, faili litakwenda na watu wawili. Viviane na mtoto watatangulia. Mama ataitwa.

Viviane alilijua neno hilo. Nakivale nzima ililijua. Natanaeli alikuwa mtu wa kuitwa.

"Na tukileta picha yetu wenyewe?" aliuliza.

"Mukileta safi, ntaiweka. Hata ya studio. Mimi sina shida na yeye," alisema Twinomujuni, akimwelekezea mkono Mama Bienfait, akikosea kidogo, akiuelekezea kabati.

Walirudi nyumbani kwa mguu kati ya mashamba ya mahindi. Munezero alishika sketi ya bibi yake, maana nguo ndiyo iliyoshikika kwa uhakika.

"Mutaenda," alisema Mama Bienfait baada ya muda. "Baridi haiui mutu mwenye koti."

"Siendi fasi yenye hauko."

"Usiseme bujinga njiani, batu banasikia."

Jumatatu Viviane alipanda kwenda Mbarara. Mchana alifanya kazi kwenye studio ya Kellen Atuhaire huko Nyamityobora, jioni akasoma papo hapo pamoja na wanawake wengine, usiku akalala chumba cha nyuma, kati ya mapazia ya rangi na maua ya plastiki ya maharusi. Kellen alikuwa mke wa sajenti, Naboth, na walikaa na watoto wao kwenye nyumba za wanajeshi kambini. Kiswahili alikipata huko, kimenyooka kama amri, na alikifundishia upigaji picha wa vitu vidogo: pete, punje za kahawa, nyuki wa lebo za asali.

"Kamera ni kama mtu wa jicho moja," aliwaambia. "Mwonyeshe pua, sikio linampotea. Mwonyeshe sikio, pua inakwenda. Sasa wewe usigombane naye. Piga pua. Sogeza fokasi kidogo, piga shavu. Sogeza tena, piga sikio. Stendi isitingike hata kidogo. Halafu kompyuta itachukua penye makali tu. Kila picha inatoa kipande chake, zote zinakaa kama picha moja."

Walijizoezea kwa nyuki mfu. Picha moja ilionyesha macho yake, nyingine mabawa, nyingine vinyweleo vya miguu, na zilipounganishwa nyuki akatokea mzima, kila unywele umesimama. Mama mmoja wa darasa alisema kuanzia siku hiyo atakula asali akiwa amefumba macho.

Viviane alimsimulia mwalimu wake habari za ofisini. Kellen alisikiliza huku akikunja mwavuli wa taa.

"Mjomba wa Naboth alifika hapo," alisema. "Aliingojea pensheni mpaka tukawa tunamtafuta kwa kumwita. Alikuwa mrefu, nyabo. Mrefu kabisa."

Kisha akateremsha kamera yake nzuri kutoka kwenye rafu, akaiweka mikononi mwa Viviane pamoja na stendi, bila kuandikishana wala kumuuliza atairudisha lini. Viviane aliishika kamera kama mtu aliyepewa mtoto wa mwenzake ambebee.

Mwisho wa wiki alichomeka vijiti uani kuonyesha mahali pa kila mguu wa stendi, akachora kwa mkaa kizingitini mahali pa kila mguu wa kigoda. Mama Bienfait alivaa blauzi ya pasi, akavua kilemba, akayaweka masikio nje, akafunga mdomo, akatazama mbele. Hakuna aliyemwelekeza. Alikuwa amepigwa picha za ofisi mara nyingi kuliko picha za sherehe, na mwili uliijua kazi yake. Viviane akaanza kwenye pua, akasogeza fokasi, akapiga, akasogeza, mpaka akafika nyuma ya masikio.

Studioni kompyuta ilizikusanya zote, ikafikiri kwa muda mrefu, ikatoa ukungu juu ya ukungu. Mama Bienfait alikuwa ameonekana kidogo kuliko hapo mwanzo.

Kellen alizifungua picha moja moja, taratibu, akiwa anakunywa chai. Akasimama kwenye mojawapo.

"Hapa. Unaona?"

Katikati ya lile wingu kulikuwa na pembe ya mdomo. Ilikuwa kali kama imekatwa kwa wembe, na mikunjo yake, na ufa mdogo wa kiangazi kwenye mdomo wa chini.

"Alikuwa anafanya nini?"

Viviane alikumbuka. "Kuku alipanda kitandani. Akamtukana. Nikamwambia, mama, tulia."

"Ukamwambia atulie."

"Ni picha ya ofisi."

Kellen aliweka kikombe chini. "Huyu mama ametulia miaka yote hiyo, na ndiyo imemmaliza," alisema. "Sisi tukamkalisha tena."

Viviane aliona aibu kidogo, kisha akaona njia, na ile aibu haikupata nafasi ya kukaa. Watu wote wa kambi walikosea hivyo hivyo. Ukiitwa kupigwa picha unavaa, unakaa, unanyamaza, unaacha kuwa mtu wa kazi yoyote, ili ofisi ikupende. Mama Bienfait alikuwa hodari kuliko wote wa kukaa hivyo. Fokasi yake haikuwa ya karibu na mbali kama ya nyuki. Yeye alikuja kipande kipande, kwa jambo lililomwita.

Basi wakaanza kumwita. Viviane alimwomba Kellen ruhusa ya kukaa Nakivale wiki nzima, na Kellen akasema masomo ndiyo hayo hayo, nenda. Vijiti uani havikuondolewa, wala mkaa wa kizingitini. Kila kazi ililetwa kwenye kigoda. Mdomo ulipatikana wote siku jirani mmoja alipokuja kudai kwamba mtu wa Fizi hajui kupika sombe, yale majani ya muhogo. Ulipatikana kwa wingi, Viviane akachagua. Pua ilikuja na dagaa wakavu, pale Mama Bienfait aliponusa na kuamua kwamba muuzaji ni mwongo. Mabega yalitokea yenyewe Munezero alipolala mgongoni mwake. Paji la uso lilikuja kwa maharage, wakati wa kuchambua mawe, likakaza mikunjo yake yote kama shamba lililolimwa. Masikio yalisubiri mvua. Mahindi yalikuwa yanaihitaji, na tone la kwanza lilipogonga bati masikio yote mawili yakajichora pande zote za lile wingu, madogo, mazuri, yenye matundu ya hereni ambazo Viviane hakuwahi kujua kama zilikuwepo. Alipiga picha chini ya mwavuli huku maji yakimwingia mgongoni, akacheka peke yake.

Mashavu waliyapata kwa Natanaeli. Alipita jioni, yaani sauti yake ilipita, akaegemea ukuta.

"Mama Bienfait, banasema unatafuta sura."

"Natafuta. Weye ya kwako uliiacha wapi?"

"Nilimwachia muke wangu. Anaitumia kunikasirikia."

Mama Bienfait alicheka, na mashavu yakapanda, ya mviringo, ya msichana. Viviane akabonyeza.

Macho hayakuja.

Alijaribu sindano na uzi. Alijaribu sala ya jioni, lakini huko macho yalifumbwa. Alijaribu hata kumtaja Bienfait, na hapo alifanya kosa, kwa sababu masikio yaliyokuwa yamejitokeza kumsikiliza yakarudi ukunguni mbele yake, na yule mama akainuka, akaenda kumwagilia mchicha uliokuwa umekwisha kumwagiliwa. Viviane hakumtaja tena. Mwezi ulikuwa unaisha. Ijumaa alitakiwa Mbarara kwa mtihani wa darasa, na alikwenda akiwa na uso mzima mfukoni, ila mahali pa macho.

"Bila macho haiwezekani?" alimuuliza Kellen kwa simu, maana hakumkuta studioni.

"Bila macho ni kinyago," alisema Kellen. "Fanya mtihani wako. Mimi leo napelekwa Nakivale kupiga picha samaki wa wavuvi wa ziwani huko. Nitapitia kwa mama."

Viviane akaandika mtihani. Hakukumbuka baadaye aliandika nini, lakini alifaulu. Alasiri alishuka kwenye lami ilipoishia, akapanda bodaboda, akateremka pale njia inapokuwa nyembamba, akaendelea kwa mguu kati ya mahindi, mkoba begani, viatu vya mjini mkononi. Jua lilikuwa limeinama. Kwa mbali aliona ua wao. Aliona stendi kwenye vijiti vyake na Kellen ameinama nyuma ya kamera, karibu yake dumu la maziwa aliyoyaleta kama mtu wa Ankole asiyeweza kwenda ugenini mikono mitupu. Mlangoni, kwenye kigoda, aliona lile wingu lililovaa kitenge, limeshika ungo.

Kellen aliinua mkono bila kuinua kichwa.

"Endelea kuja," alisema. "Usisimame, nyabo. Njoo tu kama unavyokuja siku zote."

Viviane akaja kama anavyokuja siku zote. Alikuwa amechoka, na vumbi limemfika magotini, na alitabasamu kwa sababu Munezero alikuwa anamkimbilia. Kamera ililia, ikalia tena.

"Yamekuja," alisema Kellen.

Alimwonyesha kwenye kioo kidogo cha nyuma ya kamera. Palikuwa na ukungu, na ndani ya ukungu macho mawili. Yalikuwa ya kahawia, meusi zaidi ukingoni, jicho la kushoto limelegea kope. Yalitazama kitu kilichokuwa kikija njiani. Yalikuwa yamekitazama tangu mbali, pengine tangu mahindi ya kwanza, na yalikwisha kukipokea, yakakinawisha miguu na kukiketisha, kabla hakijafika.

Viviane aliyatazama kwa muda. Ijumaa zote za miaka hiyo alikuwa amepita njia ile akiliona wingu mlangoni, akidhani wingu halioni.

Akairudisha kamera. Akaenda kwenye kigoda, akapiga goti.

"Mama, umeshindaje?"

"Tumeshinda muzuri. Mtihani?"

"Mzuri."

"Huyu mwalimu wako ameniletea maziwa kama mutoto muchanga," alisema Mama Bienfait. "Nimeyanywa. Mbona unalia? Viatu vimekuuma?"

"Vimeniuma," alisema Viviane.

Wakapika. Kellen alikula bugali, ugali wa muhogo, kwa mara ya kwanza, akasema ni mzito kama adhabu, akajiongezea.

Jumamosi, studioni, vipande viliunganishwa. Umeme ulikatika mara moja, wakangoja. Uliporudi, kompyuta ilichukua mdomo kwenye ugomvi wa sombe, pua kwenye dagaa, masikio kwenye mvua, mashavu kwa Natanaeli, paji kwenye maharage, mabega kwenye usingizi wa mtoto na macho njiani, ikavipanga kila kimoja mahali pake, kisha mwanamke akawatazama kutoka kwenye kioo. Hakuwa ametulia. Alikuwa kama mtu aliyekatizwa katikati ya siku yake na ambaye atairudia ukimaliza. Kellen alisogeza kiti nyuma.

"Karibu, maama," aliiambia kompyuta, kwa heshima.

Aliichapa kwenye karatasi yake bora. Viviane alipofungua mkoba kutafuta cha kumpa, Kellen aliufunga mkoba ule kwa kiganja.

"Webare, mwalimu," alishukuru Viviane kwa Kinyankore alichokuwa nacho. Kellen akamjibu kwa Kiswahili cha Kongo alichokuwa ameokota jana yake, vibaya sana, na wote wawili wakacheka.

Ofisini Twinomujuni aliingiza picha, na kompyuta haikusita hata kidogo. Alama ya kijani ikatokea. Aliitazama picha, akalitazama wingu lililoketi mbele yake, akairudia picha.

"Ni yeye?"

"Ni yeye," alisema Viviane.

"Ni miye," lilisema wingu.

"Sawa." Akaandika. "Sasa muko watatu. Faili ni moja."

Viviane alifumba macho, akamshukuru Mungu, na Kellen, na kuku aliyepanda kitandani.

"Tunaondoka lini?" aliuliza.

"Mungoje. Mutaitwa."

"Mwezi huu?"

"Wakati utakapofika." Twinomujuni alisita, kwa kuwa alikuwa mtu wa haki. "Na hii picha ina miezi sita tu. Ikipita, mulete ingine." Ncha za vidole vyake juu ya kibodi zilikuwa zimeanza kulainika. Mkataba wake wa kazi ulikuwa ukingoja sahihi ya mtu wa Kampala. Alipoona Viviane anavitazama, aliviweka chini ya meza.

"Kunywa maji mingi," Mama Bienfait alimshauri.

Walipotoka, mlinzi alimfungia Mama Bienfait mlango usoni kwa kutomwona, akaomba radhi, akaufungua. Nje, benchi lilikuwa limejaa watu waliotangulia kuambiwa wataitwa. Wengine walikuwa wazima, wengine pembe zimeanza kwenda, na pengine palionekana pengo ambalo kila mtu aliliachia heshima yake. Wakasogezewa nafasi, wakakaa.

"Basi baada ya miezi sita tutapiga ingine," alisema Mama Bienfait. "Jirani atakuja tena na maneno yake ya sombe. Hachoki."

Viviane alimpa nakala ya picha. Kioo kilikuwa hakimwonyeshi kitu kwa miaka mingi, na yule mama aliishika karatasi kwa vidole visivyo na mwisho, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu.

"Huyu mama amechoka," alisema. Kisha, baada ya kuitazama zaidi, "Lakini mumemupiga vizuri. Anaonekana mutu mwenye watu."

"Aksanti, mama," alisema Viviane.

"Unanishukuru nini? Miye njo nakushukuru."

"Aksanti tu."

Munezero alikuwa amesimama kati ya magoti yao. Aliichukua picha, akaikagua kuanzia mabega kwenda juu, bila haraka, akigusa mashavu kwa kidole na kisha kuyagusa ya kwake. Akapanda kwenye lile paja analolijua, akaliinulia wingu uso wake, akasema kwa sauti iliyosikika benchi zima:

"Koko, unafanana na miye."